Ukialikwa Kwenye Mkutano Mkubwa: Maneno kwa Mtu wa Manono

Barua ya mwaliko ikikufikia, isome mara mbili kabla hujamwambia mtu. Tazama nani anakualika, nani analipa nauli, na wewe unatakiwa ufanye nini ukifika. Barua ya kweli huyajibu hayo matatu bila kuzunguka. Ina jina la taasisi, jina la mhusika na cheo chake, tarehe, ukumbi, na maelezo ya pesa: tiketi wanakata wao, au unalipa mwenyewe kisha wanakurudishia. Kama habari ya malipo imeandikwa kwa mafumbo, jibu na uulize waziwazi. Waandaaji wamezoea kuulizwa, na anayekasirishwa na swali la nauli kabla ya safari atakasirika zaidi utakapokwama Lubumbashi bila pesa ya kurudi.

Kuna barua nyingine ni za kutupa. Huja kwa WhatsApp au kwa barua pepe, zimepambwa kwa nembo ya Umoja wa Mataifa au ya shirika kubwa. Umechaguliwa, wanasema, uende Geneva au New York. Ndege imelipwa, chakula kimelipwa, viza itashughulikiwa. Kimebaki kitu kidogo tu: utume dola mia na kitu za hoteli, au za fomu. Hicho kitu kidogo ndicho biashara yote. Mtu mwenye uwezo wa kukukatia tiketi ya ndege kutoka Kongo hadi Ulaya hashindwi kulipia usiku wa hoteli. Usipige namba iliyo ndani ya barua yenyewe. Tafuta namba ya taasisi hiyo kwa njia nyingine, au muulize mtu wa parokia au wa ofisi ya shirika Kalemie ambaye amewahi kusafiri kwa mialiko kama hiyo. Na usikope pesa ya watu kwa ajili ya barua ambayo hujaithibitisha.

Tuseme yako ni ya kweli. Sasa ujue unakwenda mkutano wa aina gani, maana kinachoitwa kongamano, jukwaa, wiki au indaba si kitu kimoja.

Watu wa kwetu Manono, jimbo la Tanganyika, Kongo, huitwa zaidi kwa sababu ya kilicho chini ya miguu yetu. Kampuni ya Géomines ilianza kutoa bati hapa mwaka 1919. Baadaye ikaja kampuni ya Zairétain, na mwaka 1982 kazi ile kubwa ikasimama. Kisha likaja jambo la lithiamu. Kampuni ya Australia, AVZ, ilipotangaza kwamba mwamba wa Manono una tani milioni 400 zenye wastani wa asilimia 1.65 ya oksidi ya lithiamu, jina la mji wetu likaanza kutajwa na watu ambao hawajawahi kula vumbi la barabara yake. Ugomvi wa leseni uliofuata, ulioihusisha AVZ, kampuni ya serikali Cominière na Zijin ya China, ulifika mbele ya wasuluhishi Paris na Washington. Kwa hiyo jiandae: ukumbini utaiona Manono kwenye ramani ukutani kabla hujamwona mtu wa Manono. Pengine mtu huyo ni wewe peke yako.

DRC Mining Week hufanyika Lubumbashi kila mwezi wa Juni. Pale utakuta makampuni, wauza mitambo, mabenki, mawaziri na wanasheria. Ni soko, na hakuna ubaya ukilijua kuwa ni soko. Cape Town, mwezi wa Februari, kuna Mining Indaba, ambayo ni soko la namna hiyo hiyo kwa bara zima. Juma hilo hilo, tangu mwaka 2010, makanisa na mashirika ya kiraia huitisha mkutano wao kando, Alternative Mining Indaba, ambako watu wa vijiji vya migodini hupewa nafasi ya kusema. Mwalikwa wa Manono asiye na kampuni mara nyingi ataitwa kwenye huu wa pili. Halafu kuna mikutano ya fikra, ambayo haina bidhaa ya kuuza isipokuwa maneno. TED ndiyo inayojulikana zaidi, na sheria yake ni kwamba msemaji hapewi zaidi ya dakika 18. Ilikuja Arusha mwezi wa Juni 2007, kwenye hoteli ya Ngurdoto, ikarudi Arusha Agosti 2017.

Mkutano wa 2007 unafaa kukumbukwa na yeyote anayekwenda kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya William Kamkwamba. Alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Kasungu, Malawi, aliyeacha shule wakati wa njaa kwa kukosa karo, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki na mbao, akawasha taa nyumbani kwao. Hakuwa amepanda ndege kabla ya safari ile. Intaneti aliiona kwa mara ya kwanza huko Arusha. Walipomwita jukwaani alijibu maswali machache kwa Kiingereza kifupi, huku woga ukionekana, akashuka. Dakika chache zile zilimletea watu waliomsaidia kurudi shule, na mwaka 2014 akahitimu Dartmouth, Marekani. Angejaribu kuwahutubia juu ya sera ya nishati ya Afrika, nadhani leo tusingemkumbuka. Alisema alichokitengeneza kwa mikono yake, akanyamaza.

Kwenye ukumbi huo huo mwandishi wa habari wa Uganda, Andrew Mwenda, aliushambulia msaada wa wazungu mbele ya watu wanaoutetea, na mwanamuziki Bono akamkatiza kutoka kwenye viti. Mwenda akaendelea. Ujue basi kwamba kumbi hizi si kanisa. Watu hukatizana, hubishana, kisha huenda kunywa kahawa pamoja.

Chumba kisicho na kamera

Sasa niseme lile ninalolishikilia zaidi, na nitalisema kwa habari ya wazee wetu.

Tarehe 20 Januari 1960 wajumbe wa Kongo waliketi Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara. Wengi wao hawakuwa wameona mkutano wa namna hiyo. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat aliyekuja kuuawa Kalemie mwaka 1964, alikuwamo. Wabelgiji walitegemea vyama vije vimegawanyika. Wajumbe wetu wakafanya jambo la busara kabla kikao hakijakolea: wakaungana kuwa kundi moja, wakadai Lumumba atolewe gerezani aje akae nao, na wakadai kwamba watakachokubaliana kiifunge serikali ya Ubelgiji. Lumumba akafika tarehe 26. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, siku ya uhuru ilikuwa imepangwa: 30 Juni. Bendi ya African Jazz ilikuwa huko huko Brussels, na wimbo uliotokana na mkutano ule bado unapigwa kwenye harusi zetu.

Huo ndio mkutano tunaoukumbuka. Kulikuwa na wa pili, wa uchumi, kuanzia tarehe 26 Aprili hadi 16 Mei, mwaka huo huo, mji huo huo. Hesabu za makampuni, madeni, hisa za migodi: ndiyo yaliyokuwa mezani. Viongozi wakubwa walikuwa nyumbani wakipigania kura za Mei, wakatuma vijana na wanafunzi. Wabelgiji walikuja na wataalamu wao. Tarehe 27 Juni, siku 3 kabla ya uhuru, Comité Spécial du Katanga, chombo cha kikoloni kilichokuwa na kura ndani ya kampuni kubwa ya migodi Union Minière, kilivunjwa, na serikali mpya ikapoteza sauti ambayo ingeirithi humo. Hakuna aliyeuimbia wimbo mkutano wa pili.

Mpaka leo mikutano inakwenda hivyo hivyo. Kuna ukumbi mkubwa wenye taa, muziki na mawaziri, na kuna vyumba vidogo vya ghorofani au vya nyuma vyenye vichwa vya habari vinavyochosha: utekelezaji wa mkataba wa majukumu, ugawaji wa mrabaha, njia za kusafirisha madini, umeme wa migodi. Ukipewa programu, kaa nayo jioni ya kwanza na kalamu. Hotuba ya ufunguzi hudhuria, maana utataka kujua nani ni nani. Baada ya hapo nenda vyumba vidogo. Pale kuna watu 20 au 30, mikrofoni inakufikia, na anayeongea ndiye aliyeandika ile karatasi. Ukumbi mkubwa utarushwa kwenye YouTube, utautazama nyumbani mtandao ukikubali. Chumba kidogo mara nyingi hakirekodiwi.

Jambo moja la kwako

Usiende na hoja kumi. Chagua moja, uijue mpaka chini, kama Kamkwamba alivyokijua kinu chake. Kwa mtu wa Manono nitapendekeza pa kuanzia, kisha wewe uamue.

Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema mrabaha wa madini hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya chini ambako mgodi uko, yaani komini, sekta au milki ya shefu, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Nje ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi, na kusaini nao mkataba wa majukumu. Shika namba hizi: 15 na 0.3. Kisha, kabla ya safari, tembea. Nenda ofisi ya komini uulize nini kimeingia na nini kimetumika, nani anakaa kwenye kamati ya ule mkataba na alichaguliwaje. Nenda kwa wachimbaji wa mikono uulize bei ya kilo ya kasiteriti, yaani mawe ya bati, juma hili, na mnunuzi anakata nini njiani. Nenda kwa mama wanaouza sokoni uulize gunia la unga limepanda kiasi gani tangu magari ya makampuni yaongezeke. Andika tarehe na jina la mtaa. Karatasi hiyo moja itakuwa na uzito kuliko mabango yote ya ukumbini, kwa sababu wenye mabango hawana namba hizo.

Kama wewe si mtu wa migodi, utaratibu haubadiliki. Muuguzi ana hesabu ya wazazi waliofika kujifungua na waliochelewa. Mwalimu ana orodha ya watoto walioacha darasa kwenda kuchambua mawe. Mkulima anajua mwaka huu mvua ilianza lini. Ukiulizwa unajua nini ambacho wao hawajui, uwe na jibu la dakika moja. Lijaribu nyumbani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyeogopa kukuambia kwamba hakuelewa.

Usibebe jiwe. Najua utashawishika: kipande cha spodumeni, jiwe la lithiamu, kwenye mfuko, uwaonyeshe. Madini bila karatasi zake ni kosa njiani na mpakani, na kuna afisa atakayefurahi kukukuta nayo. Piga picha.

Njia na begi

Mkutano wa Juni hukuta barabara kavu. Wa Februari hukuta matope, na kutoka Manono hadi Lubumbashi, kama kilomita 500 kuelekea kusini ukipima angani na zaidi kwa barabara, gari likizama Mitwaba linaweza kukumalizia siku ulizozihifadhi kwa ajili ya viza. Kwa mkutano wa majira ya mvua, ondoka mapema kuliko akili inavyokuambia, na mwambie mwandaaji aliyekaa Nairobi au Cape Town kwamba tiketi yako inaanzia Manono. Wengi huandika kwenye karatasi zao nauli ya kutoka Lubumbashi tu, utadhani mtu huota pale uwanjani. Dai nauli ya pikipiki, ya gari, ya ndege ndogo, na usiku wa kulala njiani. Shika risiti zote na kile kipande cha tiketi ya ndege kinachobaki mkononi baada ya kupanda. Bila hicho wahasibu wengi hawarudishi kitu.

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, kwa sababu kadi ile ya njano inaanza kuhesabiwa baada ya siku hizo. Habari njema ni kwamba tangu 2016 ikishaanza haiishi. Kwa viza, uliza ubalozi wenyewe, usimuulize jirani. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mambo yamelegea kwa nchi za jirani, lakini sheria hubadilika, na Afrika Kusini ni habari nyingine kabisa: huko viza huchukua majuma.

Dola zako ziwe safi. Kwetu noti yenye mpasuko wa milimita mbili haipokelewi; ukivuka ziwa Tanganyika kwenda Tanzania, ubaya mwingine ni noti ya zamani, iliyochapwa miaka mingi nyuma. Na tangu Machi 2025 Tanzania imekataza bei za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisha pesa upate shilingi mara ukifika. Usizoee tabia yetu ya kulipa kila kitu kwa dola.

Baridi itakushangaza. Manono ni chini na joto. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu, na usiku wa Juni huko meno hugongana. Arusha, Juni hadi Agosti, vilevile. Ongeza viyoyozi vya ukumbini. Weka sweta juu kabisa ya begi, usiizike chini. Kwa nguo nyingine, kikwembe kilichoshonwa vizuri kinatosha kila mahali; usinunue suti kwa mkopo. Viatu viwe vile ambavyo mguu umevizoea, maana utasimama kutwa. Chukua kichwa cha plagi: vidole viwili vya mviringo vya kwetu haviingii kwenye matundu bapa matatu ya Tanzania na Kenya, wala kwenye yale makubwa ya Cape Town. Furushi la ndagala wakavu kwa mwenyeji wako ni zawadi nzuri, lakini lifunge mara tatu, au begi lako litajulikana uwanja mzima.

Saa nazo zinachanganya. Kalemie, Lubumbashi na Cape Town zinakwenda pamoja. Kinshasa iko nyuma saa moja, Arusha na Nairobi ziko mbele saa moja. Na programu ikiandika 8:00, Mtanzania atakuambia tukutane saa mbili asubuhi. Ni muda ule ule. Usimsubiri mpaka mchana.

Ukumbini

Mlangoni watakupa beji. Hakikisha imeandikwa Manono. Wakiandika Kinshasa au jina la shirika lililokuleta, omba ibadilishwe. Si kiburi, ni kwamba mtu atakayesoma neno hilo kifuani pako ndiye atakayekusimamisha na kukuuliza. Nimewaona watu waliopitisha siku tatu bila kuzungumza na mgeni hata mmoja kwa sababu beji yao ilikuwa imegeuka upande wa nyuma.

Kama kuna wakalimani, chukua kifaa cha masikioni mapema, kabla ya foleni. Watakuomba kitambulisho kama dhamana: wape kadi ya kura, usitoe pasipoti. Jaribu chaneli zote ujue Kifaransa kiko wapi, Kiingereza kiko wapi. Usijifanye unaelewa Kiingereza kwa kuogopa kuvaa kifaa. Mawaziri wanakivaa. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi mwaka 2022, lakini usitegemee kukikuta kwenye chaneli. Uliza tu kwa sauti kama kipo, ili waandaaji waandike kwamba kimeulizwa.

Sasa mikrofoni. Kwetu mtu akisimama huanza na mheshimiwa gavana, mheshimiwa msimamizi wa teritwari, wachungaji wetu, wazee wetu, mabwana na mabibi, kila mmoja kwa cheo chake. Ni adabu, na nyumbani usiiache. Lakini kwenye kikao ambacho maswali matano yamepewa dakika kumi, mwenyekiti atakukatiza kabla hujamaliza salamu, na swali lako limekufa. Sema: mabibi na mabwana, naitwa fulani, natoka Manono, jimbo la Tanganyika. Halafu jambo lako kwa sentensi mbili, na swali kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Kwenye komini yetu nimeuliza juu ya asilimia 15 ya mrabaha, na hakuna aliyeweza kunionyesha karatasi. Je, ninyi mnaandika wapi malipo hayo, na raia anaweza kuyaonaje?" Kisha kaa. Swali fupi lenye namba haliwezi kujibiwa kwa hotuba bila ukumbi mzima kutambua kwamba halikujibiwa.

Mtu akikuambia swali lako ni zuri sana na mtazungumza nje, mfuate nje. Siku hiyo hiyo.

Mapumziko ya chai ndiyo mkutano wenyewe, na hapa ndipo wageni wa mara ya kwanza hupotea. Hujikusanya na watu waliosafiri nao, wakazungumza Kiswahili cha nyumbani, wakala. Kula kwanza haraka, maana bukari na sombe huenda usivione mpaka urudi, na mtu mwenye njaa hasikilizi. Kisha tengana na wenzako. Mkubaliane usiku nani anamtafuta nani, kama wajumbe wa 1960 walivyokubaliana kabla ya kikao. Ukiwa Arusha, mtu mzima mwanzie shikamoo. Utashangaa milango inavyofunguka. Kwa mgeni usiyemjua usianze na ombi la pesa wala kazi. Muulize amefika lini, anafanya nini, kisha mwambie jambo lako la dakika moja. Mkiachana, kaa kando uandike nyuma ya kadi yake mlizungumza nini, kwa sababu usiku kadi zote zitafanana.

Picha na waziri ni yako kuamua. Mimi naona foleni ile inakula nusu saa ambayo ungempata katibu wake, na katibu ndiye anayejibu barua.

Mama unayesafiri na mtoto mchanga, waambie waandaaji mapema. Baadhi ya mikutano hulipia mlezi au hukupa chumba karibu na ukumbi, lakini hawakumbuki wenyewe. Na usikubali mkutano wa kikazi ndani ya chumba cha hoteli cha mtu, awe mfadhili, mbunge au mchungaji. Kuna meza chini kwenye mapokezi.

Kabla hujaweka saini

Kila siku itapita karatasi ya kutia saini. Nyingi ni orodha ya mahudhurio, na posho hutolewa kwa hiyo. Nyingine inafanana nayo lakini kichwa chake kinasema mengine: tamko la washiriki, azimio, uthibitisho kwamba jamii zimeshauriwa. Tazama kichwa cha karatasi, si mistari ya majina tu. Mtu mmoja kutoka Manono akisaini kwamba jamii za Manono zimeshauriwa, karatasi hiyo inaweza kuwekwa mezani miaka mitatu baadaye, na wewe hutakuwapo kueleza kwamba ulidhani ni ya chakula cha mchana. Ukiwa na shaka, andika pembeni ya jina lako "nimehudhuria tu", uipige picha, kisha uendelee. Na wakikupa tamko la mwisho saa kumi na moja jioni, basi likingoja nje, omba kulisoma. Wakisema hakuna muda, wewe huna saini.

Usitoe pia jina wala picha ya mchimbaji aliyekueleza bei za siri, au ya mama aliyekulalamikia juu ya mtu mkubwa. Wewe utarudi Manono na yeye yuko Manono.

Ukirudi

Usingoje uchovu uishe. Ndani ya juma la kwanza watumie ujumbe wale wachache uliozungumza nao kweli, ukiwakumbusha mlizungumza nini na ukiwapa kile ulichowaahidi: picha, namba, jina la mtu. Baada ya mwezi hawatakukumbuka, wamekutana na wengine mia.

Halafu itisha kikao cha kutoa habari. Kifanyike mahali ambapo wale uliowauliza maswali kabla ya safari wanaweza kufika: wachimbaji jioni wakitoka shimoni, mama wa soko siku isiyo ya mnada, shefu na wazee kwake. Redio ya mtaa ikikupa nusu saa, ichukue, useme kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Waambie uliuliza nini, nani alijibu, nani alikwepa. Waambie pia posho ilikuwa kiasi gani. Wasipoambiwa watakisia, na makisio ya Manono huwa makubwa. Usianze na hoteli ilivyokuwa. Wataiuliza wenyewe.

Nakala ya ripoti, hata kurasa mbili za mkono, iache kwenye ofisi ya komini, nyingine parokiani au msikitini, nyingine shuleni. Na barua ikija tena mwaka ujao kwa jina lako, waandikie uwape jina la mtu mwingine wa Manono ambaye hajawahi kwenda, umpe daftari lako, kadi ulizokusanya na ile sweta.